Asumini Imetoa Vitumba na Mimi Sijui Kama Ni Mjane

Alhamisi, mwishoni mwa Septemba. Alasiri.

Kusi limelegea tangu juzi. Asubuhi kulikuwa na umande mzito, kisha jua likaanza kuuma mapema, na sasa hewa imesimama kabisa, hata makuti hayatikisiki. Mikorosho ya nyuma ya kijiji imechanua na harufu yake imetuingia mpaka kwenye unga. Ni siku ambayo mtu mwenye akili timamu angefurahi.

Mimi nina hasira tangu alfajiri, na hasira yenyewe ni ya maua.

Asumini yangu imetoa vitumba.

Nilitoka uani kumwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye shina, kama kawaida yangu. Maji ya kisimani siwezi kuyatumia. Foleni ni ndefu, na bwana shamba akisikia kuna mtu anamwagilia maua badala ya muhogo atanisimamisha mkutanoni niwe mfano. Nikainama kuondoa jani kavu, nikaviona. Vidogo, vyeupe, vimebana kwenye ncha za matawi kama punje za mchele. Tangu tuhamie kijiji hiki mmea huu haujawahi kutoa hata kimoja. Umekaa tu ukutani ukinitolea majani. Nilishaanza kuamini kwamba udongo wa huku hauupendi.

Niliuleta kutoka kwa bibi yangu Mikindani, kijiti kimoja ndani ya kopo, siku ile watu wanahamia huku na kuku zao na mitungi na milango ya nyumba zao za zamani vichwani. Baba Somoe alinicheka njia nzima. Alisema, wenzako wanahamia ujamaa na mbegu, wewe unahamia na manukato. Lakini ndiye aliyechimba shimo, na ndiye aliyeuwekea kiunzi cha mianzi ili utambae ukutani. Ni fundi seremala. Hawezi kuona kitu kinainama asikipe mguu.

Baba Somoe ni mume wangu. Au alikuwa. Hapo ndipo nilipokwama.

Aliondoka wakati wa masika. Tangu wenzetu wa ng'ambo wapate uhuru wao, mafundi wengi wa huku wamekuwa wakivuka Ruvuma kutafuta kazi, naye alisikia kwamba Palma kunajengwa shule na hakuna wa kuunda milango. Akabeba sanduku lake la zana, akambusu mtoto, akasema Ramadhani itamkuta nyumbani. Wiki ile ile mto ulijaa, na mtumbwi wa kuvushia watu ukapinduka karibu na Kilambo. Wengine walipatikana. Wengine hawakupatikana. Waliookoka walisema ndani alikuwamo fundi mmoja mwenye sanduku. Fundi gani, hawakujua. Utadhani Mtwara nzima ina fundi mmoja.

Ramadhani imekuja na imekwenda. Idi nimepika pilau, nikala na mtoto na mama mkwe wangu, na hakuna aliyemaliza sahani yake.

Asiyekulia pwani atashangaa nahangaika nini na vitumba vya maua. Kwetu Mikindani asumini si pambo la nyumba. Mwanamke huvichuma vitumba kabla ya magharibi, vikiwa bado vimefumba, akavitunga kwa uzi akavivaa nyweleni, au akatengeneza kikuba, kishada cha kunukia, akakiweka kitandani, vikafunguka vyenyewe usiku. Anayefanya hivyo ni mwenye mume ndani, na usiku wa kuamkia Ijumaa ndio hasa. Mwenye mume safarini huacha. Mwenye eda ndiyo kabisa, miezi yake minne na siku kumi hana manukato, hana wanja, hana hina. Ukipita mbele ya nyumba jioni ukasikia asumini, umeshapata habari za ndani bila kubisha hodi.

Leo ni Alhamisi. Usiku wa kuamkia Ijumaa ndio huu unaokuja.

Na kesho, baada ya sala, wanakuja.

Anayewaleta ni shemeji yangu Bakari, mdogo wake Baba Somoe. Si mtu mbaya, na sitaki kumwandika vibaya. Amekonda kwa jambo hili. Amekwenda Kilambo na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mpaka amempata mmoja wa waliookoka, ambaye yuko tayari kuapa kwamba aliyezama ni kaka yake. Anasema alimwona majini amelishika sanduku, watu wanampigia kelele aliachie, naye haliachii. Bakari aliponisimulia hilo alilia mbele yangu. Nami niliamini, kusema kweli. Kama kuna mtu duniani atakufa kwa kutokubali kuiachia randa yake, ni mume wangu.

Mwalimu wa msikitini ameeleza utaratibu. Shahidi atasikilizwa. Kisha mke ataulizwa, je, unayo habari nyingine yoyote ya mumeo? Kama hana, basi itasomwa hitma, na mimi nitaingia eda kesho hiyo hiyo.

Mimi ninayo habari nyingine.

Mwezi wa saba alipita hapa mama mmoja muuza mikeka, anatoka ng'ambo. Alikaa barazani kwetu akaomba maji. Katika mazungumzo akasema, huko Palma yuko fundi wa Mtwara, hodari, mcheshi, kidole chake cha shahada kimekatwa ncha na msumeno. Kidole cha Baba Somoe ni hivyo hivyo. Mama mkwe akauliza, umemwona lini? Akasema, si zamani, nimemwona sokoni ananunua doti ya kanga. Akachagua sana, akawa anaikunjua kila moja anasoma jina lake kwa sauti, watu wanacheka.

Tuliosikia ni sisi wawili tu.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Muuza mikeka hakuelewa kafanya nini. Mama akasema, mwanangu mzima, anamnunulia mkewe, si mnajua kanga huku zimeadimika, duka la ushirika zikija leo kesho hakuna! Akaimba mpaka jioni, majirani wakadhani ni uzee. Nami nilicheka naye, na usiku nikalala nimeukodolea macho ukuta. Kwa sababu kanga ya kuletewa ingeshafika. Palma si Makka. Mwanamume akinunua kanga sokoni hajifuniki yeye, na kama hakuileta kwangu, kuna mwanamke ameifunga kiunoni.

Niandike tu, maana hapa hakuna wa kunisuta.

Bora awe amekufa.

Nimeliandika. Nimelitazama. Sikulifuta. Akiwa amekufa, amekufa akiwa njiani kunitafutia, ameshika sanduku lake, na mimi ni mke wake mpaka kiyama. Nitafunikwa kaniki, nitakalishwa kwenye mkeka, wanawake wa kijiji watakuja kunishika mikono, na nitalia machozi ambayo nimeyabana tangu masika. Sijamlilia mpaka leo. Wanaoliliwa ni waliokufa. Aliyehamia kwa mwingine haliliwi, anachekwa mkewe.

Kwa hiyo nilipoviona vitumba asubuhi, nilianza kuvinyofoa.

Nilivinyofoa haraka haraka, navitupa chini navifukia kwa kidole cha mguu. Sikutaka mtu avione. Nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja, uani kwangu ni barabarani kwa mwenzangu, na kesho baraza litajaa watu. Nilishamaliza tawi moja zima niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unanyofoa nini hapo, Mama Somoe?"

"Wadudu, mama."

"Wadudu weupe?"

Alisogea. Macho yake yana ukungu siku hizi lakini pua yake ni nzima. Akavisogelea vilivyobaki karibu kabisa, akavinusa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu yule mama wa mikeka.

"Vitumba! Acha hapo, usiguse tena. Leo usiku wa Ijumaa. Utatunga chikuba."

Siku nyingine ningecheka. Mama mkwe ni Mmakonde wa mashamba ya ndani, na kikuba kwake ni chikuba, kisu ni chisu. Mimi ndiye ninayefundisha elimu ya watu wazima hapa kijijini, naye hukaa safu ya mbele. Nikimsahihisha ananiambia, wewe fundisha kuandika, kusema najua. Neno lenyewe la kikuba nilimfundisha mimi. Kwao desturi hii haikuwapo. Aliniona nikifanya, kwa vitumba vya kutoka kwa bibi, miaka ile tulipokuwa mashamba ya zamani, akaniuliza ni dawa gani hiyo, nikamwambia ni dawa ya kumfanya mwanao arudi mapema. Nilikuwa namtania. Naona yeye hakuchukulia utani.

Niliingia ndani nikapepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Saa sita akaja Mama Shaibu, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, kuomba moto. Nilikuwa nimetundika mkeka mbele ya asumini ili kuificha. Mkeka ukaanguka. Mama Shaibu akasimama na kijinga chake cha moto mkononi, akatazama ukuta, akanitazama mimi, akatazama ukuta tena.

"Hee! Na kesho ndiyo wanakuja?"

"Ndiyo."

"Ukivaa watasema unajua alipo. Usipovaa watasema ulishamzika moyoni kabla ya shahidi kufika." Akapuliza kijinga chake. "Mwenzangu, ungepanda mchicha."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Ndiyo mara ya kwanza leo, na nadhani ndiyo ya mwisho. Alipoondoka nikautundika mkeka tena.

Adhuhuri nilisali vibaya. Nilikuwa nasoma huku napanga maneno ya kesho. Neno lenyewe ni moja tu: sina. Una habari nyingine ya mumeo? Sina. Herufi nne, hata wanafunzi wangu wanaliandika bila kukosea. Muuza mikeka hatapita tena mpaka masika yaishe. Bakari atapumzika. Somoe atakuwa na baba aliyekufa majini, na mtoto wa marehemu anapata kushikwa kichwa na kila mtu. Nani atakayeumia?

Nilijua nani. Alikuwa amekaa mlangoni.

Baada ya sala aliniita. Somoe alikuwa chuoni kwenye Kurani, nyumba kimya. Mama mkwe alikuwa na uzi mkononi, ameuchomoa kwenye gunia, na sindano yangu. Kwenye kawa mapajani kwake vimo vitumba. Alikwishavichuma mwenyewe. Havikujaza hata kiganja, kwa sababu vingine nilivifukia mimi.

Akaniambia, kesho utasema habari ya kanga.

Nikamwambia, mama, kwa nini usiseme wewe.

"Nilishasema. Bakari kanambia nimeota. Mama wa mtu huota. Mke ndiye anayeulizwa."

Hilo sikulijua. Kumbe alikwenda kwake peke yake, na macho yale, akapita mstari mzima wa nyumba akihesabu milango kwa mkono. Akasema yote, na mwanawe akamshika mabega akamrudisha nyumbani kama mtoto.

Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nikiyapunguza nitakuwa najipunguzia mimi.

"Mie namtaka mzima. Awe na wake watatu huko, awe amenisahau na mie, namtaka mzima. Wewe wamtaka maiti, ilimradi awe wako."

Nilifungua mdomo kabisa. Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa kali. Ningemwambia kwamba si yeye atakayepita kisimani akisikia wenzake wanakohoa. Si yeye atakayefundisha darasa la wanawake wanaojua kwamba mwalimu wao ameachwa bila hata talaka, aningʼinie hivyo hivyo, si mke si mjane, mpaka nywele zigeuke. Ningemwambia mwanao ni mhuni. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Lakini alikuwa ameanza kutunga uzi kwenye sindano. Anaukosa. Anaulowesha kwa mate, anausogeza, anaukosa. Ncha inapita kando ya tundu, anahisi imeingia, anavuta, uzi unatoka mtupu. Hakuniomba. Aliendelea tu, mdomo umekaza, na vitumba vimelala pale kwenye kawa na magharibi inasogea.

Nilimnyang'anya sindano. Sitasema nilimchukulia kwa upole, nilimnyang'anya. Nikatunga uzi, nikamrudishia.

Alitunga mwenyewe vyote, kwa kupapasa, anavitoboa kwenye kikonyo bila kukivunja kimoja. Kikatoka kiuzi kifupi cha urefu wa kidole. Si kikuba, si chikuba. Akaniambia nikae chini. Nikakaa. Akakifunga kwenye msuko wangu, nyuma ya sikio, na vidole vyake vikabaki hapo kidogo, kisha akaondoka kwenda kutafuta kuni kana kwamba hatukusema kitu.

Sasa niko peke yangu na shingo yangu inaanza kunukia.

Nimekuwa nikijiambia mchana kutwa kwamba ninachotaka ni eda. Eda ni haki yangu kama mume wangu amekufa, na Mungu anajua nitaishika vizuri kuliko mwanamke yeyote wa wilaya hii. Lakini eda ni ya kumlilia mtu, haikuwekwa ili nimfungie mtu mlango. Nikisema "sina" kesho, hakuna atakayejua. Shahidi ataondoka na baraka zake, hitma itasomwa, ubwabwa utaliwa. Ila mimi nitajua kwamba kama hakuzama masika yale, mimi ndiye niliyemzamisha Ijumaa, mbele ya watu, na mto nikausingizia. Na kila nikimtazama mama huyu akila chakula changu nitajua nimemuua mwanawe kwa wivu.

Wivu. Neno lenyewe ndilo hilo. Nimezunguka kurasa nzima kabla ya kulitaja.

Na huenda nakosea. Huenda muuza mikeka alimwona fundi mwingine. Misumeno inakata vidole vya wengi. Huenda shahidi wa Kilambo ndiye mkweli na mimi nitamnyima marehemu hitma yake kwa maneno ya barazani. Lakini sitaulizwa kama najua alipo, nitaulizwa kama ninayo habari. Ninayo. Bakari atanikasirikia. Atasema kwa nini umekaa kimya tangu mwezi wa saba, nami itabidi nimweleze kwa nini, mbele ya mwalimu wa msikitini na majirani. Jumatatu darasani watakuja wengi kuliko kawaida. Nawajua. Hawatakuja kwa ajili ya herufi.

Na wakishaniuliza kesho, watakiona kiuzi hiki nyweleni. Nimefikiria kukivua kabla hawajafika. Kitakuwa kimenyauka na kugeuka kahawia, lakini nywele zitakuwa bado zinanukia, na kila mwanamke atakayeinama kunipa mkono atasikia. Sitakivua. Wasikie.

Siandiki haya kwa sababu nina matumaini. Mwenye matumaini katika nyumba hii ni mmoja, na hayupo hapa, yuko nyuma ya mikorosho anaokota kuni. Mimi nina hasira tu, na hofu, na msuko unaonukia.

Naona jua limeshuka kwenye paa la Mama Shaibu. Somoe anarudi, namsikia anaimba alifu kwa sauti ya juu ili watu wajue amesoma. Lazima niweke kalamu nikapike.

Kesho nitasema yu hai, au alikuwa hai mwezi wa saba, na kanga nitaitaja.

Kumsamehe, hiyo ni kazi ya siku nyingine.